Mama Mkwe, Mimi na Vidung'ata

Kama unadhani ugomvi wa mke na mama mkwe huanzia jikoni tu, kaa nikusimulie. Wangu ulianzia barazani, kwenye mmea usiozidi ukubwa wa kiganja.

Mume wangu aliniletea mmea huo siku tuliyotimiza miaka mitano ya ndoa. Unaitwa tilandsia. Asili yake ni Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina, na huko hukaa juu ya matawi ya miti bila kugusa udongo. Maji huyanywa kwa majani. Aliutundika kwa uzi kwenye baraza letu la Tabata, akaniambia, "Huu hautaki udongo, unataka kukumbukwa tu." Jamani, niliupenda! Nikaongeza mingine minne.

Sasa elewa hali yangu. Miaka mitano, hatuna mtoto. Majirani zangu wote ni Mama Fulani na Mama Fulani, mimi bado naitwa jina nililotoka nalo kwetu. Ukiwa hivyo, masikio yako yanakuwa makali kupita kiasi.

Mama mkwe akaja kutoka Mbamba Bay kutibiwa macho. Siku ya pili alisimama muda mrefu mbele ya ile mimea, akaishika, akasema, "Mwanangu, hiki kitu hakina mizizi, tena hakiko salama."

Mimi nilisikia "hakina mizizi" tu. Nikaingia chumbani, nikalia. Usiku nikamwambia mume wangu, "Mama yako amenisema." Akajibu kwamba nimemwelewa vibaya. Basi, vita ikaanza. Siku tatu nyumba ilikuwa ya "Shikamoo Mama", "Marahaba", na kimya. Mume wangu akaanza kula huko huko kazini.

Siku ya nne nilishika tilandsia mojawapo ili niinyweshe, majani yakabaki mkononi. Katikati palikuwa pameoza. Nilipogeuka, Mama alikuwa nyuma yangu na ndoo ya maji.

"Njoo uone," akasema. Akafungua majani ya mmea mwingine kwa kijiti. Kule chini majani yanapokutana palikuwa na mafungu meupe kama pamba. "Hivi ni vidung'ata. Vilitumalizia mihogo."

Kumbe yule mama ana macho mabovu lakini anaona kuliko mimi! Miaka ya 80 mwishoni aliona mihogo ya kwao ikidumaa, majani ya juu yamejikunja pamoja kama ngumi. Mdudu yule alitoka Amerika Kusini, akaonekana Afrika mwanzoni mwa miaka ya 70. Aliyemshinda ni nyigu mdogo kutoka huko huko Amerika Kusini, aliyeanza kuachiwa mashambani Nigeria mwaka 1981. Mtaalamu aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren wa Uswisi, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Wangu si wale wale wa muhogo, ila ukoo ni mmoja.

Mimi weupe ule niliuona wiki nyingi, nikadhani ni wa mmea wenyewe. Ni kweli tilandsia nyingi zina weupe wa asili, vinyweleo vinavyonyonya maji. Lakini huo umetanda sawasawa jani zima, na ukiulowesha jani hugeuka kijani. Weupe wa vidung'ata hukaa mafungu mafungu, hufutika, na ndani yake kuna kidudu laini chenye nta. Dalili nyingine ni majani kunata. Vidung'ata hunyonya utomvu na kutoa majimaji matamu, na sisimizi huyafuata, tena huwalinda wadudu hao kama ng'ombe wao. Sisimizi niliwaona wakipanda uzi kila siku, nikalaumu sukari ya jikoni.

Tukakaa chini wawili, kwa mara ya kwanza. Tuliutupa ule uliooza, tukaitenga iliyobaki. Tukaiosha kwa maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, tukaisuuza sana. Kisha kijiti cha pamba, spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70, tukagusa kila kidudu. Baada ya muda tukaisuuza tena, tukaikung'uta na kuigeuza kichwa chini mbele ya feni, maana maji yakituama katikati mmea unaoza. Uzi tukaubadilisha. Nilitaka kuongeza mrututu, nikakumbuka nilishasoma kwamba shaba huua mimea ya ukoo huu, hata waya wake.

Katikati ya kazi, bila kuniangalia, Mama akasema, "Kuta zenu nyembamba, mwanangu. Nilisikia. Mimi niliusema mmea. Ningekuwa na la kukuambia wewe, ningekuita ukae."

Nilishindwa kujibu. Nikamwomba msamaha, akanipa kijiti kingine cha pamba.

Kazi haikuisha siku hiyo. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na spiriti haiwamalizi wote waliojificha ndani. Tulirudia kila wiki kwa wiki tano, na kila Jumamosi tuliongea zaidi ya wiki iliyopita. Mume wangu akarudi kula nyumbani. Mmea mmoja zaidi ulikufa, mitatu ikapona.

Mmoja kati ya hiyo ulitoa maua mwaka jana, ukachipua vitoto viwili pembeni. Kimoja kimetundikwa Mbamba Bay, juu ya mwembe wa Mama. Akipiga simu huuliza, "Vidung'ata je?" Mtoto bado hatuna. Lakini sasa swali hilo tunaliongea mezani, sote watatu.

Shoga yangu, ukileta mmea mpya nyumbani, utenge wiki mbili tatu kabla hujauchanganya na mingine, na kila wiki chungulia ndani ya majani. Na neno la mama mkwe likikuchoma, muulize alimaanisha nini siku hiyo hiyo. Mimi nilikaa nalo siku tatu chumbani, wakati ndoo na kijiti vilikuwa barazani.