Ananiita Dada, Basi Mkataba wa Nini?

Mimi na mume wangu hatujawahi kugombana kwa sababu ya nyumba ndogo wala mawifi. Tuligombana kwa sababu ya trei ya keki.

Tuna kijiduka cha keki Tabata. Mwanzoni tulikuwa wawili tu: mimi naoka, yeye akitoka ofisini anapeleka oda. TIN tulikuwa nayo, leseni ya biashara imebandikwa ukutani, tukajiona tumemaliza. Oda zilipozidi tukamchukua binti mmoja wa mtaani, mchapakazi kweli. Mimi ananiita dada, mume wangu anamwita shemeji. Mshahara 300,000. Mkataba? Wa nini kwa mtu mnayekula naye sahani moja!

Siku hiyo trei ya moto ikamteleza, ikamuunguza mkono mpaka kwenye kiwiko. Tukamkimbiza hospitali, tukalipa. Akakaa kwao wiki tatu. Mwisho wa mwezi mume wangu akaniuliza, "Sasa tunamlipa wakati hajafanya kazi? Si tumemtibu?" Na mimi, niseme ukweli, nilinyamaza. Nilikuwa nawaza kodi ya fremu.

Jumapili mama yake mzazi akaja. Hakufoka. Alikunywa chai, akashukuru kwa matibabu, kisha akasema, "Wanangu, naomba kujua tu. Binti yangu yuko hapa kama ndugu au kama mfanyakazi?"

Hakuna aliyemjibu. Usiku ule ndipo moto ulipowaka. Mume wangu anadai ukishasajili mfanyakazi umejitafutia gharama, mimi namwambia tumemdhulumu mtoto wa watu. Asubuhi, macho yamevimba, tukachukua kalkuleta.

NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya mchango huo. Yaani 30,000 zake, 30,000 zetu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni nusu ya asilimia moja, tunalipa sisi, yeye hakatwi: 1,500. Elfu moja na mia tano, jamani! Na mfuko huo ndio unaobeba matibabu na fidia mtu akiumia kazini. Kodi ya mshahara je? Ukitoa mchango wake wa NSSF zinabaki 270,000, na hapo TRA hawakati kitu. Kumbe kelele zote zilikuwa za 31,500 kwa mwezi. Hata keki ya bethidei haifiki.

Kilichonitia aibu zaidi ni saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka masharti ya kazi yaandikwe, na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni ovataimu. Binti alikuwa anaingia saa 12 asubuhi, anatoka saa 11 jioni, siku sita. Piga hesabu mwenyewe.

Wiki zake tatu tulimlipa. Siku ya kusaini mkataba aliusoma taratibu, kidole juu ya mstari, mkono bado una kovu. Akafika kwenye likizo.

"Dada, hizi siku 28 ni zangu? Na mshahara juu?"

"Ni zako."

Alizichukua zote Desemba, msimu wa keki. Nilikanda unga mwenyewe mpaka mabega yakafa ganzi.