Kilichokupeleka Huko Unacho Bado

Mtama, Lindi

Mwanangu,

Huku mbaazi zimeshika vizuri na wadogo zako wote wazima. Nimekupigia simu mara nyingi, inaita tu. Mdogo wako anasema hutoki ndani, hata dukani huendi, kwa sababu njiani watu wanakuita "Mheshimiwa" kwa mazoea kisha wanakatiza neno katikati. Nimeona nikuandikie, maana barua haikulazimishi kujibu papo hapo.

Mkeka wa wakuu wa wilaya umetoka na jina lako halimo. Kazi ya ukuu wa wilaya ndivyo ilivyo: Rais huteua na Rais hutengua, wala halazimiki kutoa maelezo. Ulilijua hilo siku unaapa, nasi tulilijua. Mtama hii imemwona mbunge wake akitenguliwa uwaziri mara mbili, 2017 na 2024, na mara zote mbili akabaki mbunge wa watu hawa hawa.

Lakini sitakudanganya kwamba kwa mwanamke mambo huwa sawa. Mwanamume akitenguliwa, watu huuliza siasa imekaaje. Mwanamke akitenguliwa, huuliza ni nani alimweka pale. Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, sokoni na msibani, tena mengine kutoka kwa wanawake wenzetu. Hawaridhiki kuona umetoka kwenye kiti, wanataka na sababu ya kukikalia iwe haikuwa yako. Hapo ndipo kidonda kilipo, na ninachoogopa ni kwamba umeanza kuwaamini.

Ndiyo maana nakuletea habari za Bibi Titi Mohamed. Unamjua kwa barabara ya Dar es Salaam iliyopewa jina lake. Mimi nataka umjue kwa yaliyotangulia. Kabla ya kuingia TANU, chama kilichopigania uhuru, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 alipokuja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa TANU wako wapi, Bibi Titi ndiye aliyetolewa mbele. Hakwenda kujifunza uongozi mahali. Aliwaendea wanawake wa vikundi vya ngoma, waliokwisha kuijua sauti yake na kuiamini, na katika miezi michache maelfu wakakata kadi. Hakuna aliyempa sauti ile pamoja na cheo. Cheo kilimkuta nayo.

Uhuru ukaja, akaongoza Umoja wa Wanawake, UWT, akawa mbunge na naibu waziri. Mwaka 1965 akashindwa uchaguzi Rufiji. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, akajiuzulu Kamati Kuu ya TANU kwa kutokubaliana na sharti la viongozi kutomiliki nyumba za kupangisha. Mwaka 1969 akakamatwa, akashtakiwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiwa mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais. Alitoka gerezani hana cheo hata kimoja, na wengi waliokuwa wakiongozana naye wakawa wanapita njia nyingine.

Watu wakisimulia habari zake hukimbilia mikutano ya uhuru, au hukimbilia mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka thelathini na gazeti la chama tawala likamwita shujaa. Ile miaka karibu ishirini ya katikati hurukwa, na mimi kila nikiifikiria roho huniuma. Lakini hiyo ndiyo inayokuhusu wewe leo. Katika miaka hiyo, 1984, mtafiti Mmarekani Susan Geiger alimwendea, na Bibi Titi akamsimulia maisha yake kwa kinywa chake mwenyewe, ngoma za Bomba zikiwemo. Masimulizi hayo yakaingia katika kitabu cha Geiger, TANU Women, kilichotoka 1997. Hakusubiri mtu amrudishie heshima ndipo aone maisha yake yanafaa kusimuliwa. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000, akiwa ameyasema mwenyewe.

Umekulia chini ya mikorosho, kwa hiyo hili huhitaji kuelezwa sana. Korosho hutangulia kutokea, bibo huvimba baadaye. Mpita njia huona bibo, kwa kuwa ndilo jekundu na ndilo lenye harufu, lakini likianguka halikai, na kinachopelekwa ghalani ni korosho.

Sasa tuseme yako. Kabla ya bendera kwenye gari ulikuwa afisa ushirika. Msimu wa 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakangoja uhakiki, kina mama wa hapa walikuja kwako na karatasi zao mkononi. Wengine hawajui kusoma, wengine wajane, wengine wakiogopa kuitwa kangomba, yaani walanguzi wa korosho, ilhali mikorosho ni yao tangu kwa mama zao. Ulikaa nao kwenye jamvi mstari kwa mstari: hizi ni kilo zako, haya ni makato, hili hukupaswa kukatwa, nenda kaulize. Karani mmoja alikasirika, ukamwomba kitabu kwa adabu mpaka akakitoa. Nani alikuweka pale? Hakuwepo aliyekuweka. Nadhani hata uteuzi ulikufuata kwa sababu ya jamvi lile, ingawa walioandika mkeka hawakuwahi kuliona.

Tena sisi Wamwera ukoo hufuata mama. Ulipozaliwa, bibi yako alipiga vigelegele kwa kuwa mlango umeongezeka mtu, na hakuuliza mtu huyo atakuja kukalia kiti gani. Ukifika hapa kwenye msiba unakaa mahali pako, karibu na mama zako wakubwa. Ulipokuwa mkuu wa wilaya walikutolea kiti cha plastiki mbele, nami niliona ulivyotaabika juu yake ukiwatazama wenzako mkekani.

Wapo waliobaki na kazi baada ya kiti kikubwa. Anna Makinda alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu, 2010 hadi 2015. Mwaka 2022 alikuwa Kamisaa wa Sensa, akihimiza watu kuhesabiwa. Jirani zetu wa Mchinga walimchagua Mama Salma Kikwete kuwa mbunge wao mwaka 2020. Miaka kumi Ikulu alikaa kama mke wa Rais, lakini kabla yake alikuwa mwalimu, na kura za Mchinga aliziomba kwa jina lake. Nakutajia hao ujue njia ipo, wala sikutumi ukawanie chochote.

Ninayokuomba ni machache. Usikope ili maisha yafanane na ya wakati wa shangingi. Ada za watoto kwanza, na nyumba ile ya kupanga yenye geti kubwa uiache mwezi huu. Wanaokupigia kukupa pole huku wakichimba siri za ofisi, wajibu salamu tu. Watoto waeleze mwenyewe kwa maneno mepesi, wasisikie shuleni. Na kikoba cha wenzako uliokuwa ukiwatumia hisa kwa simu bila kuhudhuria, nenda ukakae nao. Watakuonea haya mara ya kwanza na wewe utawaonea haya, kisha mtazoeana.

Tangazo lilisema utapangiwa kazi nyingine, na kama kweli utapangiwa, ichukue kwa moyo mmoja. Ila ubaki na mahali ambapo ukiingia hakuna anayesimama. Ulipokuwa huko juu mahali hapo hapakuwepo. Kila mlango uliofunguliwa ulifunguliwa na mtu mwingine, na kila uliyekutana naye alikuwa na shida ya saini yako. Mtu akiishi hivyo miaka minne, huanza kudhani pumzi anayovuta nayo imetoka ofisini.

Mkutano mkuu wa AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, umekaribia. Kina mama wameniuliza kama unaweza kuja kutazama vitabu pamoja nao kabla ya siku ya kusomwa hesabu, kwa sababu makato ya msimu huu hawayaelewi, na mwenyekiti akiulizwa hujibu haraka haraka. Nimewaambia siwezi kukusemea. Hawakualiki uwe mgeni rasmi, wala hakuna posho. Basi la Masasi likipita Mnazi Mmoja ya huku Lindi nipigie, nitakuwa stendi. Ukishindwa nijulishe mapema, nimtafute mwalimu wa hesabu wa sekondari, ingawa yeye mambo ya stakabadhi ghalani hayajui kama wewe.

Wasalimie wanangu.

Ni mimi,
Mama yako mkubwa