Barafu tuliyoinamia Ruwenzori



Darasani watoto hutuuliza: "Mwalimu, Kongo kuna barafu isiyo ya frigo?" Tunajibu kwamba ipo juu ya Ruwenzori. Lakini sisi wenyewe hatukuwa tumeiona. Kwa hiyo likizo moja, usalama uliporuhusu, sisi walimu wanawake watatu tulipanda kutoka Mutwanga pamoja na walinzi wa Park na wabeba mizigo.

Tuliacha mashamba, tukapita msitu, kisha mianzi. Usiku wa tatu tulilala Kiondo, kwenye meta 4200 hivi. Hapo mwenzetu mmoja aliumwa kichwa sana, akatapika. Kiongozi wetu, mzee mpole, akasema: "Mama mwalimu, mlima hauhami. Kesho tunashuka." Tulisikitika, maana barafu kubwa ya kilele cha Margherita, meta 5109, ilikuwa bado juu yetu.

Alfajiri tulitoka kutafuta maji. Karibu na kibanda kulikuwa na kidimbwi kilichoganda. Kwa mbali kilifanana na sahani isiyooshwa. Tulipoinama, tulinyamaza. Barafu ilikuwa na mistari kama mishipa ya jani. Ndani yake mapovu ya hewa yalikuwa yamekwama kama shanga. Mahali maji yalipopungua usiku, hewa ilikuwa imeingia chini ya barafu na kuacha maduara meupe. Pembeni, sindano za barafu zilikuwa zimeinua udongo. Mzee alitoboa kwa fimbo, na chini maji yalikuwa bado yanacheza: barafu ni nyepesi kuliko maji, basi hukaa juu kama kifuniko cha sufuria. Jua lilipopanda, yote yakayeyuka.

Barafu ya kidimbwi hurudi usiku wenye baridi. Ile kubwa hairudi. Tangu watu walipofika kilele cha Margherita mwaka 1906, sehemu kubwa imekwisha kuyeyuka, kwa kuwa dunia inazidi kupata joto. Huenda wajukuu wetu wasiikute.

Tulivyoshuka, ndivyo mwenzetu alivyopata nafuu. Barafu kubwa hatukuigusa, lakini yeye tulimrudisha nyumbani kwa watoto wake, na darasani sasa tunasimulia tuliyoyaona kwa macho yetu.

Mama unayekaa upande wa Beni au Mutwanga, siku mbingu ikiwa safi alfajiri, mwamshe mtoto. Mwonyeshe ule weupe juu ya mlima kabla mawingu hayajaufunika.