Kiharusi Hakingoji Baraza la Ukoo

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu mgonjwa haugui peke yake. Huugua na ukoo mzima, na kila mmoja hutaka kutoa shauri. Desturi hiyo ni njema, maana penye wengi hapaharibiki neno. Lakini yako maradhi yasiyongoja baraza, na kiharusi ni mojawapo.

Mwaka 2023 mama yangu mkubwa, mkazi wa Mkuza, Kibaha, aliamka mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Daktari aliagiza apigwe picha ya ubongo kwa mashine ya siti skani. Hapo ndipo shauri lilipozuka. Mjomba alisema mionzi ya mashine ile ingemchoma dada yake ubongo uliokwisha kuumia. Heri arudishwe nyumbani akandwe. Wakabishana hadi shangazi mmoja aliposimama na kusema mgonjwa apelekwe. Picha ilionyesha mshipa umeziba, wala haukupasuka, naye akaanzishiwa dawa. Leo anatembea kwa mkongojo.

Hofu ya mjomba haikuwa ya kupuuzwa. Mionzi ikizidi huweza kuzaa saratani. Ila tuipime kwa mizani. Picha moja ya ubongo humpa mtu kiasi cha milisiverti 2. Mionzi ya asili, itokayo ardhini, angani na katika chakula, humpa binadamu wastani wa milisiverti 2.4 kila mwaka, hata asipokanyaga hospitali. Hatari ya picha hiyo ipo, lakini ni ndogo, tena huchukua miaka mingi kujitokeza. Hatari ya kiharusi ni ya leo hii.

Kiharusi kina sura mbili: mshipa kuziba, au mshipa kupasuka. Kwa kumtazama mgonjwa tu, huwezi kuzitenga kwa hakika. Aspirini imfaayo wa kwanza yaweza kumdhuru wa pili. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda nayo, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza.

Wala tusidhani jambo hili liko mbali nasi. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006, baada ya kusawazisha umri, ulikuta viharusi vipya 316 hivi kwa mwaka kwa kila watu 100,000 jijini Dar es Salaam, na 109 hivi wilayani Hai.

Basi, ndugu msomaji, kuuliza ni haki yako. Uliza picha ni ya nini, na kama ni lazima irudiwe. Mjamzito aseme mapema. Mzazi aulize zaidi, kwani mtoto hudhurika na mionzi kuliko mtu mzima. Picha za zamani zitunzwe, ziende na mgonjwa kila anakohamishiwa. Lakini maswali hayo yaulizwe mlangoni pa chumba cha picha, si sebuleni nyumbani huku saa zikiyoyoma.