Barua kutoka Papenburg: Julai tutashuka Uvinza

Shangazi,

Natumaini hapo Kipalapala, Tabora, mvua zimenyesha vya kutosha kwa mahindi. Huku ni baridi kali. Mto Ems umejaa, na kwenye mifereji ya mji huu wa Papenburg, Ujerumani, bata wanatembea juu ya barafu. Sote hatujambo. Watoto wanakuamkia na wanauliza kama michembe ya mwaka jana bado ipo.

Nakuandikia mapema kuhusu safari ya Julai. Nakujua: ukisikia tunakuja utaanza kumtafuta mwenye gari wa kutufikisha Kigoma kwa siku moja, ili tusichoke. Nakuomba usimtafute. Safari hii nataka tukupitie wewe kwanza, kisha tupande treni ya kwenda magharibi, na kabla ya kufika Ziwa Tanganyika tushuke Uvinza tulale. Najua utauliza Uvinza tuna nani. Hatuna mtu. Ndiyo maana naandika barua ndefu.

Ninafanya kazi ya kutunza wazee, na mwenzangu wa zamu ni mama mmoja wa Kolombia. Msimu wote huu wa baridi, kila tukikaa kunywa chai, anafungua daftari lake na kupanga jinsi atakavyowapeleka wanawe Mompox, mji mdogo kando ya mto Magdalena. Wahispania waliuanzisha mwaka 1540. Kwa karne kadhaa bidhaa za kutoka pwani kwenda bara zilipandishwa kwa mashua zikipitia hapo, na wenyeji wakatajirika. Baadaye upande ule wa mto ukajaa mchanga, vyombo vikubwa vikahamia tawi jingine, na biashara ikafuata maji. Mji ukabaki na makanisa yake, nyumba zake nyeupe zenye nondo za madirishani, na mafundi wanaosokota nyuzi nyembamba za dhahabu na fedha kutengeneza hereni. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995. Jioni watu hutoa viti vya kubembea nje ya milango na kuongea mpaka usiku. Mama yule hana la kununua huko wala shughuli yoyote. Anataka wanawe wakae pale siku kadhaa, wauone mto ulioilisha nchi yao.

Nilimsikiliza kwa wivu, nikawa najiuliza kwetu mji wa namna hiyo ni upi. Bagamoyo ina wageni wengi. Ujiji kila mtu anaijua kwa sababu ya Livingstone na Stanley. Tabora yenyewe ni mji mkubwa na haujawahi kunyamaza. Kila nilipofuata njia ya misafara kwa kidole kwenye ramani, kutoka Kwihara, karibu na Tabora, kwenda magharibi, kidole kilisimama palepale Uvinza, mahali mto Ruchugi unapoingia mto Malagarasi.

Shangazi, wewe umekula chumvi ya Uvinza utotoni, lakini sidhani kama kuna mtu aliyetueleza umri wake. Mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walifanya utafiti pale katika miaka ya 1960, na vigae vya vyungu walivyovikuta vinaonyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi tangu karne ya tano au ya sita. Wakati huo Kilwa haijawa mji, na Mwarabu hajafika Unyanyembe. Watu walikuja kutoka Buha, kutoka upande wa Burundi, kutoka kwetu Unyamwezi na kutoka kando ya ziwa. Walikuja kiangazi, maana masika mito hufurika na kuizimua ile chumvi. Walijenga vibanda, wakakata kuni, wakachemsha, wakalipa fungu la watemi wa Kivinza, wakafunga mizigo yao na kurudi makwao. Hapakuhitajika mgeni kutoka pwani kuanzisha biashara hiyo. Misafara ya pembe za ndovu ilipokuja katika karne ya 19 ilikuta njia imekwisha kukanyagwa na watu wa chumvi.

Hapo ndipo ninapotaka watoto wangu waanzie. Shuleni kwao, Afrika ya zamani huingia darasani pale Mzungu anapofika. Nataka wajue kwamba Burton na Speke walipofika Malagarasi mwaka 1858 walivushwa kwa mitumbwi ya Wavinza baada ya kulipa, kama kila mtu. Stanley naye alilipa mwaka 1871 na kulalamika sana kuhusu hongo katika kitabu chake. Punda wake mmoja, aliyeitwa Simba, alikamatwa na mamba wakati wa kuvuka. Wasafiri hao waliandika hongo kana kwamba ni wizi. Mimi naiona kuwa ushuru wa wenye kivuko na wenye nchi. Mtemi aliyekuwa na mitumbwi, wapiga kasia na ulinzi wa njia alikuwa na haki ya kudai chake.

Na wapagazi! Hao ni babu zetu, Shangazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa mwendo wa miezi kama mitatu. Wanyamwezi walijulikana kwa kazi hiyo njia nzima. Walikuwa na viongozi wao wa msafara, masharti yao ya ujira na nyimbo zao, na wakidhulumiwa waliweka mizigo chini. Njia hiyohiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, na hilo sitalificha kwa watoto. Hapo kwako Kipalapala, kabla ya seminari na kabla ya kiwanda cha uchapaji cha TMP kilichotusomesha vitabu vyetu vya kwanza, katika miaka ya 1880 Wamisionari wa Afrika walikuwa na kituo cha kulelea watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao walitoka wapi, kama si magharibi, kupitia kivuko kilekile? Nitaomba utupeleke tuone mahali penyewe, kama wazee bado wanapakumbuka.

Kuna jambo jingine linaloniunganisha na njia hiyo kila asubuhi ninapokwenda kazini. Meli ya Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika, ilizaliwa katika mji huu ninaoishi. Iliundwa mwaka 1913 hapa Papenburg, kwenye karakana ya Meyer, kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa katika maelfu ya makasha, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari na kusafirishwa bara kwa reli mpya, iliyokuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mafundi wa Papenburg waliiunga upya ziwani, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe, na Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Wazee ninaowatunza wanaijua hadithi ya meli. Kila nikisema natoka Tabora wananiuliza habari za ziwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mto, ingawa vyuma vile vyote vilipita Uvinza.

Reli ndiyo iliyoinyamazisha njia ya zamani. Mzigo ulipopanda behewa, misafara ilikoma kulala kando ya Malagarasi kusubiri mitumbwi. Chumvi yenyewe haikufa. Wajerumani walijenga mtambo wa chumvi pale wakauita Gottorp, na baadaye kazi ikaendelezwa na Nyanza Salt Mines, jina ambalo watu wa rika lako wanalikumbuka kwenye magunia. Lakini ule mkusanyiko wa kiangazi, wa makabila kukutana kwenye majiko ya vyungu, ulikwisha.

Sasa sikia nilivyopanga. Tutatua Dar es Salaam mwanzoni mwa Julai, shule za huku zikifungwa. Watoto wana pasi za Ujerumani, kwa hiyo nitawaombea viza kwa mtandao mapema. Tutapanda treni ya umeme hadi Dodoma, ile iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, halafu tuhamie reli ya zamani mpaka Tabora. Kwako tutakaa wiki nzima. Nataka wachote maji, wale matobolwa na asali ya Sikonge, waende Kwihara kwa miguu waone tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, na wafike Itetemia kwa watemi wa Unyanyembe, maana hao ndio waliokuwa wenyeji wa wageni wote hao. Wasipofika Itetemia watadhani Livingstone alikaa porini.

Kutoka Tabora ni Urambo, nchi ya Mirambo, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia yote hii kwa vita na kuwafanya wafanyabiashara wa Tabora wasilale. Kisha Kaliua, Usinge, Nguruka. Madirishani tutanunua karanga na samaki wakavu. Baada ya hapo linaanza bonde la Malagarasi lenyewe. Ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi ilitangazwa mwaka 2000 kuwa ya kwanza Tanzania katika mkataba wa Ramsar, na ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 32,000, kuzidi nchi nzima ya Ubelgiji. Binti yangu anapenda samaki kuliko historia, kwa hiyo nimemwekea hili: katika mto huo kuna samaki ambao ndugu zao wako mto Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwa sababu mto ni mkongwe kuliko bonde la ziwa lililokuja kuukata. Amelibandika ukutani.

Ombi langu la kwanza kwako ni dogo: mtume kijana stesheni ya Tabora aulize treni ya Kigoma hupita siku gani siku hizi, na hufika Uvinza saa ngapi. Ikiwa hufika usiku wa manane tutapanda basi la mchana, tuvuke Daraja la Kikwete la mto Malagarasi macho yakiwa wazi. Na usimwambie mtu yeyote atuandalie mapokezi. Nyumba ya wageni yenye vyandarua na maji inatutosha. Tukimaliza Uvinza tutaendelea Ujiji, tule mgebuka, turudi.

Nieleze na kinachoniuma. Mwaka 2006 nchi yetu iliwasilisha UNESCO, kwenye orodha ya mapendekezo, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Ilitaja mahali sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Uvinza haimo. Kati ya Kwihara na Ujiji hakuna kituo hata kimoja, kana kwamba watu waliruka kutoka Tabora hadi ziwani. Nakubali kwamba pale hakuna jumba la mawe la kumpigisha mgeni picha. Lakini mahali ambapo Waafrika walizalisha na kuuza bidhaa yao wenyewe kwa zaidi ya miaka elfu moja pana haki ya kuwa kwenye orodha hiyo kuliko tembe alilolala msafiri kwa miezi michache. Reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma ilitiwa saini Desemba 2022. Itakapokamilika, watu watapita bonde hilo kwa mwendo kasi, na itakuwa vigumu zaidi kumshawishi mtu ashuke.

Kwa kuwa barua hii inatoka gazetini, nawageukia wasomaji wengine pia, hasa walio Uvinza, Nguruka na Kazuramimba. Mama yule wa Kolombia ana vitabu, picha na filamu za mji wake wa mtoni. Mimi nina makala ya Sutton na Roberts na ramani ya reli. Kuna mambo ambayo hayo hayanipi: nani alilinda chemchemi, kina mama waliimba nini wakichochea moto, chumvi ilipimwaje, na fungu la mtemi lilichukuliwa na nani. Ikiwa una bibi au babu aliyechemsha chumvi ya Uvinza kwa chungu, au aliyesimuliwa na mzazi aliyeichemsha, mwandikie mhariri wa gazeti hili kabla ya Juni. Tutakuja kukaa naye kwa muda atakaotaka yeye, na yote atakayokubali yaandikwe nitayaandika kwa Kiswahili, kwa jina lake.