Boma la Newala na ndoo ya bibi

Nilikuwa kusini. Asubuhi nilipanda gari Masasi, tukaiacha ile milima ya mawe, tukapandisha uwanda wa Makonde katikati ya mikorosho. Newala nilifika mwekundu kwa vumbi.

Nilikwenda kuliona boma la Wajerumani. Msitegemee kasri, maana Wamakonde hawakuwa na mfalme wa kujengewa kasri. Boma limekaa ukingoni, karibu na Shimo la Mungu. Ukisimama pale unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji.

Mwaka 1916 Wareno walivuka mto huo, na Oktoba wakaliteka. Mwezi uliofuata Wajerumani wakawazingira, wakawakatia maji. Kuta zilikuwepo, bunduki zilikuwepo, maji hakuna. Kabla Novemba haijaisha Wareno wakatoroka usiku, wakarudi kwao Msumbiji.

Nikamkumbuka bibi, mzaa mama. Alikulia uwanda huu, ambako maji yako bondeni na wanawake waliyafuata kwa miguu, wakayapandisha kichwani. Siku moja nikiwa mtoto, likizoni, alinichapa kwa kumwaga kikombe kimoja tu cha maji. Nililia sana, nikamwona mchoyo. Sasa nimeelewa, naye hayupo nimwombe radhi.

Jeshi zima kiu ililitoa mbio kabla mwezi haujaisha. Bibi aliishi nayo miaka yote.

Jioni gesti waliniletea ndoo moja ya kuoga. Nilibakiza nusu.