Mapigo ya Misri na Maji ya Masalani

Watu wa Masalani, kando ya mto Tana, hawana haja ya kufafanuliwa habari za mapigo yaliyoipata Misri. Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua ilizidi kiasi, mabonde yakajaa maji, na mbu wakazuka kwa wingi, maana mayai yao huweza kukaa udongoni miaka mingi yakingoja gharika. Kisha mifugo ikaanza kuharibu mimba na kufa, na watu wakashikwa na homa, wengine wakitokwa na damu. Wafugaji wa Kisomali waliyaita maradhi hayo sandik, yaani pua yenye damu. Madaktari huyaita Homa ya Bonde la Ufa. Kufikia Machi 2007 watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa nchini Kenya, na upande huo wa Ijara ulipigwa sana.

Gharika, wadudu, mizoga, damu: si ajabu mtu akauliza amekosa nini. Torati yasema ng'ombe wa Waisraeli hakufa hata mmoja, lakini Ijara hapakuwa na Gosheni. Hata huko Misri, mzaliwa wa kwanza wa mjakazi aliyekuwa akisaga unga alikufa sawasawa na wa Firauni, ingawa mjakazi yule hakupata kuombwa shauri juu ya Waisraeli. Jambo hili wahubiri wengi hulipita mbio.

Haki yaonekana wazi zaidi katika onyo. Kabla ya mvua ya mawe Musa alitoa habari, na wale watumishi wa Firauni waliosadiki wakaingiza watumwa na wanyama wao nyumbani, wakapona, nao ni Wamisri vilevile. Kurani nayo yataja tufani, nzige, chawa, vyura na damu kuwa ni ishara. Na ishara huletwa ili ionwe.

Mwaka 2006 onyo lilikuwako. Wataalamu watazamao bahari na mawingu kwa satelaiti walitaja hatari kabla ugonjwa haujatambuliwa mwezi wa Desemba. Walakini chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007, watu wakiwa wamekwisha zikwa. Ikiwa iko hesabu ya kutolewa mbele za Mwenyezi Mungu juu ya wafu hao, haielekei kwamba mchungaji ndiye wa kwanza kuitwa. Yeye alikwisha pata sehemu yake: Idd-ul-Hajj iliangukia siku za mwisho za Desemba ile, na kuchinja kulikuwa kumekatazwa.